Mteja Anapotelea Wapi Njiani?

Barua za mwezi huu zimefanana. Tangazo limelipiwa, watu wameliona, simu zinaita, lakini droo ya fedha haijai. Wengi mmeuliza mtangaze wapi zaidi. Tumechagua barua tano na kuzijibu kwa kuifuata njia yote anayopita mnunuzi, tangu anapokiona kitu mpaka anapokitumia na kumwambia jirani, kwa sababu karibu katika barua zote tatizo limejificha humo.

SWALI: Ndugu wahariri, nina karakana ya vitanda na makabati Keko, Dar es Salaam. Nalipia tangazo Instagram shilingi 20,000 kila siku. Wanaouliza bei hawapungui 15, siku nyingine wanafika 20. Lakini kwa wiki nauza vitanda viwili tu. Kijana anayenisaidia mambo ya mtandao anasema niongeze fedha na nifungue TikTok. Nimsikilize? (Fundi, Keko)

Hapana, ndugu fundi, usiongeze hata shilingi kwa sasa. Tupige hesabu. Watu 17 kwa siku ni kama 240 kwa wiki mbili. Tangazo limekula 280,000 na umeuza vitanda vinne, maana yake kila kitanda kimebeba 70,000 ya tangazo. Ukiweka fedha mara mbili, maswali yataongezeka, ila anayejibu simu ni yule yule anayepiga randa. Majibu yatachelewa zaidi na wanunuzi hawataongezeka mara mbili. TikTok nayo itakuletea watu wa kukuona, na wa kukuona unao tayari. Kilichobaki kujua ni wale 236 waliondokea wapi.

Chukua daftari la kaunta, uchore safu saba: tarehe, mteja, alituona wapi, aliuliza nini, tulimjibu baada ya dakika ngapi, alifika hatua gani, na neno lake la mwisho kabla hajanyamaza. Jaza kwa siku 14 bila kuruka hata mtu mmoja. Kisha hesabu: wangapi waliuliza, wangapi walijibiwa siku hiyo hiyo, wangapi walipewa bei, wangapi walifika karakana au waliomba vipimo, wangapi walitoa advansi, wangapi walipokea kitanda kwa siku mliyoahidi. Tuseme umepata 240, 150, 130, 12, 5 na 3. Tayari unaona mashimo matatu. Watu 90 hawakujibiwa siku hiyo. Kati ya bei na kufika karakana wamepotea 118. Na kati ya watano walioamini kukupa fedha, wawili wamecheleweshewa, na hao wawili watasimulia kwa watu wengi kuliko wale watatu.

Safu ya mwisho ndiyo yenye dawa, ingawa wengi huiacha wazi. Mazungumzo ya kawaida huwa hivi. Mteja anaandika chini ya picha: "Bei gani?" Anajibiwa: "Karibu inbox." Anakwenda, anauliza upya. Saa nne baadaye anaandikiwa: "480,000 boss." Kimya. Wewe unasema hakuwa na fedha. Pengine hakuwa nazo kweli, lakini tazama mambo ambayo hakuambiwa: ni mbao gani, ni 5 kwa 6 au 6 kwa 6, chaga zimo au anunue pembeni, godoro limo, kinachukua siku ngapi, advansi kiasi gani, nani analipa gari la mizigo la Kirikuu. Kila kisichojulikana kinageuka kuwa hofu, na mtu mwenye hofu haulizi tena, anahamia ukurasa wa fundi mwingine.

Andika bei chini ya picha yenyewe. Mafundi wengi huificha wakidhani mteja akija pembeni watamshawishi, kumbe wanamchosha kabla hajafika, na wanajijazia simu kwa watu ambao bei hiyo hawaiwezi hata kidogo. Halafu jibu lako la kwanza liwe limekamilika, mfano: "Habari dada. Hiki ni 5 kwa 6, mbao ya mkongo, chaga zimo, godoro halimo. 480,000. Kinakamilika siku 7. Advansi nusu, nusu ukishakikagua. Kukifikisha hutegemea ulipo. Unakaa maeneo gani?" Linaishia na swali rahisi la kujibika, na jibu lake unalihitaji kweli ili umpe gharama ya usafiri. Kwenye WhatsApp Business lihifadhi kama jibu la haraka: unaandika alama ya mkwaju (/) na neno fupi kama /mkongo5, ujumbe wote unajitokeza. Hapo hata ukiwa na vumbi la mbao mikononi unajibu ndani ya dakika moja.

Ili ujue mteja ametokea wapi bila kumhoji, tumia kiungo cha wa.me. Andika wa.me/ halafu namba yako ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo, kisha ?text= na maneno unayotaka yajiandike yenyewe kwa mteja. Nafasi kati ya maneno huandikwa %20. Kiungo cha Instagram kianze na "Nimeona kitanda Instagram", cha kwenye kipeperushi na "Nimepata kipeperushi chenu". Ujumbe ukiingia, safu ya tatu ya daftari inajijaza.

Sasa advansi. Dar es Salaam karibu kila mtu ana kisa cha fundi aliyechukua fedha akaanza kuahidi kesho. Hofu hiyo haiondolewi na tangazo zuri. Inaondolewa na mambo madogo yaliyofanywa kwa wakati. Fedha ipokelewe kwa Lipa Namba yenye jina la karakana, kwa sababu jina humtokea mteja kabla hajathibitisha malipo. Akiona jina la mtu asiyemjua, mkono unasita. Baada ya advansi mtumie picha tatu: mbao zake zimepangwa na juu yake karatasi yenye jina lake, kitanda kimeungwa na kupigwa msasa kabla ya rangi, na kikiwa tayari. Picha ya pili ndiyo ya thamani kuliko zote, maana rangi huficha makosa na yeye anajua hivyo. Siku za kazi zikiwa tano kwa kawaida, ahidi saba. Umeme hukatika, na rangi haikauki vizuri siku za mvua.

Kabla ya kupeleka, muulize upana wa mlango na kama kuna kona ya ngazi. Kichwa cha kitanda cha futi 6 ni sentimita 183, na mlango wa chumba mara nyingi ni 80 hadi 90. Kikilazwa ubavu kitapita mlangoni, lakini kwenye korido yenye kona kinaweza kugoma. Bolti ziwekwe kwenye mfuko, na mfuko ufungwe kwa solotepu kwenye mguu wa kichwa cha kitanda chenyewe. Zikisahaulika karakana, mteja atalala chini siku aliyoingojea wiki nzima, na hilo ndilo atakalolikumbuka.

Siku ya tatu muulize kama kinalia. Baada ya miezi miwili pita ukaze bolti: mbao ambayo haikukauka vizuri husinyaa, kiungo kinalegea, kitanda kinaanza kelele. Ziara hiyo ya dakika 20 ndiyo yenye nguvu kuliko tangazo la wiki nzima, kwa sababu unaingia nyumbani, unaomba kupiga picha kitanda kikiwa kimetandikwa, na mwenye nyumba anakuonyesha ukuta anapotaka kabati. Mnunuzi wa kitanda harudi mwezi ujao kununua kitanda kingine. Anarudi kwa kabati, kwa kitanda cha mtoto, au anamleta shemeji yake.

Rekebisha shimo moja kwa wiki mbili, tazama daftari, ndipo uende la pili. Ukibadilisha yote kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia. Fedha ya tangazo iongezwe siku utakayokuwa na mtu wa kujibu maswali mara mbili ya sasa, na karakana ya kutoa vitanda mara mbili bila kuvunja ahadi.

SWALI: Hamjambo. Mimi ni msusi hapa Nakuru. Kila mwezi natoa punguzo la asilimia 20 kwa mteja mpya, na wapya huja. Lakini wakishasukwa siwaoni tena. Nifanye punguzo liwe kubwa zaidi? (Msusi, Nakuru)

Dada, punguzo lako linamwambia mteja wa zamani kwamba uaminifu wake unamgharimu. Yeye analipa bei kamili, mgeni aliyekaa kiti cha pili analipa pungufu, na wote wawili wanasikia bei zikitajwa.

Wauzaji wengi tumerithi ngazi ya hatua nne inayohusishwa na Mmarekani E. St. Elmo Lewis, ya mwishoni mwa karne ya 19: mtu ashtuke, avutiwe, atamani, anunue. Inaishia fedha inapoingia. Kwa muuza viwanja labda inatosha. Kwa saluni, kununua mara ya kwanza ni mwanzo wa duara, na duara lako lina siku zake. Mistari hukaa kama wiki mbili. Rasta hukaa wiki sita hadi nane zikitunzwa. Kwa hiyo kabla mteja hajainuka kitini, tarehe ya kurudi iwe imeandikwa.

Halafu kuna kizuizi ambacho wasusi wengi hawakihesabu: kufumua. Rasta huchukua saa kadhaa kufumuliwa. Mteja hufanya kazi hiyo nyumbani usiku, anachoka, kesho yake anaingia saluni yoyote iliyo karibu naye. Ukichukua wewe kazi ya kufumua, kuosha na kulisha nywele kwa bei moja, atasukwa kwako pia kwa sababu tayari amekaa kitini pako. Anzia hapo kabla ya kitu kingine chochote. Weka kufumua katikati ya wiki asubuhi, viti vinapokuwa vitupu, kwa maana foleni ya Jumamosi nayo inafukuza watu.

Ujumbe wa kumkumbusha uende wiki ya tano kwa aliyesuka rasta, si tarehe mosi kwa wote. Andika jina lake na mtindo aliosuka. Kama unatumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, fahamu kuwa orodha moja haizidi watu 256, na asiyeihifadhi namba yako hatapokea kitu. Ujumbe utaonekana umetoka, kumbe haujafika. Ndiyo maana mwombe ahifadhi namba yako angali kitini, na umwombe ruhusa ya kumtumia ujumbe na ya kuweka picha yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu na namba yake ya simu vyote ni taarifa zake binafsi.

Punguzo, ukilitaka, lihamishe: apewe anayerudi ndani ya wiki nane.

SWALI: Kadi za biashara na fulana zenye nembo bado zina kazi? (Muuza maua, Moshi)

Zina kazi pale zinapokutana na mtu mwenye haja. Kadi iliyofungwa na utepe kwenye shada la harusi husomwa na mama wa bwana harusi mwingine meza ya pili. Kadi ile ile ikigawiwa stendi huishia mtaroni. Chapisha 100 kwanza, si 1,000, na ziwe na picha ya kazi, namba moja ya simu na bei ya kuanzia.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nina duka la pembejeo Njombe. Kila Novemba naweka mabango, natangaza redio na kupita na spika siku za mnada. Wakulima wanaingia wengi, lakini mtu ananunua mbegu kilo mbili tu, mbolea anaenda kwa mwingine. (Mwenye duka, Njombe)

Marahaba, ndugu yetu. Unaingia njiani wakati mteja wako ameshafika mbali. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba hadi Desemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Unapopiga spika mkulima ameshatumia fedha. Ameuza mahindi kati ya Juni na Septemba, akaezeka, akalipa madeni, akaweka ada ya Januari. Novemba anakuja na kilichobaki, na kilichobaki ni kilo mbili.

Anza Julai, wakati wa mauzo. Fungua daftari la akiba ya pembejeo: mkulima anaweka 10,000 au 20,000 kila anapouza, na kila mara anapata risiti. Fedha hizo zikae kwenye namba au akaunti ya peke yake, usizizungushe dukani. Na uwe mkweli kuhusu bei. Kama mbolea bado huna stoo, andika kwenye risiti kwamba anaweka fedha, bei itakuwa ya siku ya kuchukua. Maduka yaliyoahidi bei ya Julai kwa mzigo wa Novemba yamejikuta yakikimbia wateja wake.

Septemba kumbusha usajili wa ruzuku. Tangu ruzuku ya mbolea ilipoanza msimu wa 2022/2023, mkulima hununua kwa namba aliyopewa baada ya kusajiliwa. Mara nyingi anagundua mbele ya kaunta, fedha mkononi na punda nje, kwamba taarifa zake hazisomi. Hapo hukosi mauzo ya mfuko mmoja tu, unapoteza msimu wake wote, kwa kuwa atahamia kwa muuzaji mwingine. Ujumbe mfupi wa "hakikisha taarifa zako kijijini kabla ya mwezi kuisha" ni tangazo lisilotaja bidhaa, na mkulima ataheshimu duka lililomwokolea safari.

Novemba uza kwa ekari badala ya kilo. Kwa mahindi, ekari moja huchukua takribani kilo 8 hadi 10 za mbegu. Maduka mengi huipigia hesabu ya mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia na mwingine wa kukuzia, ila afisa ugani anayelijua shamba ndiye wa kusikilizwa. Panga mafungu: la ekari, la nusu, la robo. Bei ya fungu zima iandikwe ubaoni. Mwambie atunze risiti na mfuko wenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Mbegu isipoota ndani ya siku 10 na udongo ulikuwa na unyevu, aje navyo. Hofu ya mbegu bandia ni kubwa kuliko hofu ya bei, na duka linalosema "njoo na mfuko" limeipunguza nusu.

Na yule wa kilo mbili usimdharau. Kilo mbili ni robo ekari, na mara nyingi anaijaribu mbegu yako pembeni ya ile aliyoizoea. Mwandike jina na kijiji. Baada ya wiki mbili tatu tangu kupanda mtumie ujumbe akague moyo wa mmea wa mahindi kwa ajili ya viwavijeshi vamizi, ambao Tanzania tunao tangu 2017. Wakiwa wadogo dawa inawafikia, wakishazama ndani haiwafikii. Mahindi yakifika magotini, piga simu ya mbolea ya kukuzia. Usipoipiga wewe, mauzo hayo anayapata mwenzako. Wakati wa kuvuna muulize robo ekari ile imetoa debe ngapi, na ile ya pembeni ngapi. Omba ruhusa uandike majibu yake ubaoni kwako Julai, palipokuwa na bango la kampuni.

SWALI: Nasimamia masoko katika kampuni inayouza vifaa vya sola kwa malipo ya kidogo kidogo, Mwanza. Sisi tunafikia malengo ya kuonekana, mauzo wanafikia malengo ya kufunga mitambo, lakini wateja wengi wanaacha kulipa mwezi wa tatu tangu kufungiwa. Kila idara inasema kosa ni la mwenzake. (Meneja, Mwanza)

Kila idara inasema kweli kwa kipande chake, na mteja anavuka vipande vyote. Tazama kamisheni kwanza. Wakala anayelipwa siku mtambo unapofungwa ana sababu zote za kumfungia asiyeweza kulipa, na hana sababu hata moja ya kumweleza kwamba taa zitazima akichelewa. Gawa kamisheni: nusu siku ya kufunga, nusu mteja anapokamilisha malipo ya tatu. Wataguna wiki mbili za kwanza, na wachache wataondoka. Wanaobaki wataanza kuuliza swali lililokuwa linarukwa: kipato chako kinaingia siku gani? Mvuvi wa Ukerewe na muuza mbogamboga wa Kirumba hawapati fedha kwa kalenda moja, na tarehe ya malipo ikigongana na siku kavu, mwezi wa tatu ndipo panapokatika.

Pili, kila mahali mteja anapotoka idara moja kwenda nyingine pawe na jina la mtu anayewajibika. Nani anampigia mteja saa 48 baada ya kufungiwa? Nani anamwambia wingu la masika litapunguza saa za taa, kabla hajadhani betri ni mbovu? Wateja wengi wanaoacha kulipa hawakatai deni, wanagomea kifaa wanachoamini kimeharibika na hakuna aliyewasikiliza.

Tatu, kila Jumatatu idara zote zikae dakika 45 na faili la mteja mmoja tu aliyeacha kulipa, lisomwe kwa mfuatano: alisikia tangazo gani, wakala alimwahidi nini, fundi alifunga lini, alipiga simu mara ngapi, nani alipokea. Msilete grafu siku hiyo. Wiki ya kwanza mchague aliyepiga simu mara nyingi kuliko wote, na kabla ya kikao mmoja wenu awe amekwenda kwake kuuona mtambo wenyewe: paneli imeelekea wapi, kivuli cha mwembe kinaifikia saa ngapi, na waya umepita dirisha gani.